TAPSA, PST, IPSF na Baraza la Famasi: kipi cha lazima, kipi cha hiari?

Kapsuli

Habari za jioni wakuu. Nasoma shahada ya famasi, mwaka wa pili, Dodoma. Kwenye kundi letu la WhatsApp matangazo ya ada yanapishana: ada ya tawi la TAPSA (chama cha wanafunzi wa famasi), ada ya IPSF (shirikisho la kimataifa la wanafunzi wa famasi), na kuna kaka wa mwaka wa nne anayesisitiza tuingie PST (chama cha wafamasia) mapema ili tukimaliza chuo leseni isitusumbue. Wengi hatuna hela ya kulipa kila kitu, na waliokwisha kulipa nao hawajui hasa wamelipia nini.

Naomba kujua: kati ya vyombo hivi kipi ni cha lazima kwa sheria, kipi ni cha hiari? Ule mpango wa IPSF wa kwenda kufanya mazoezi nje ya nchi una hatua gani, na kwa nini maombi mengi hukwama? La mwisho, tawi letu limelala. Nimependekezwa kugombea uweka hazina uchaguzi ujao. Nikipita, nianze na lipi?

Mzani wa Dawa

Kapsuli, anayewaambia kwamba kadi ya PST inarahisisha leseni anawachanganya. Mkanganyiko huu umeenea hata kwa waliokwisha kuhitimu, kwa hiyo nianze nao.

Leseni inatoka Baraza la Famasi. Hiki ni chombo cha serikali kilichowekwa na Sheria ya Famasi, Sura ya 311, iliyotungwa 2011 ikachukua nafasi ya Sheria ya Wafamasia ya 2002. Baraza linasajili wafamasia, wateknolojia dawa na wasaidizi wao. Linasajili famasi na maduka ya dawa muhimu (DLDM), linakagua, na linasikiliza mashauri ya wanaovunja maadili. Lipo kwa ajili ya mgonjwa. Anayetaka kufanya kazi ya famasi Tanzania hana namna ya kulikwepa: shahada ya miaka minne, utarajali wa mwaka mmoja, mitihani ya Baraza, usajili, kisha leseni inayohuishwa kila mwaka. Masharti ya kuhuisha hubadilika, hivyo pakua orodha ya mwaka husika kutoka kwenye tovuti ya Baraza na uifuate hiyo. Usifuate picha iliyosambazwa kwenye kundi miaka miwili iliyopita.

PST ni Chama cha Wafamasia Tanzania. Hiki ni chama cha wanataaluma. Kazi yake ni kusema kwa niaba ya fani: kutoa maoni kanuni zinapoandaliwa, kuandaa kongamano la mwaka, kuendesha mafunzo endelevu, kusimamia heshima ya taaluma. Hakiwezi kukupa leseni wala kukunyang'anya. Ukivunja katiba yake, adhabu kubwa kabisa ni kukutoa kwenye uanachama; ukivunja Sheria ya Famasi, Baraza linaweza kukusimamisha kazi.

TAPSA ni chama cha wanafunzi wa famasi, chenye matawi vyuoni. Hiari kabisa.

Kuna vyombo vingine viwili watu huvitumbukiza humohumo. TMDA (ilikuwa TFDA hadi 2019) inashughulikia dawa na vifaa tiba vyenyewe: usajili wa dawa, ubora, taarifa za madhara. Halafu kuna TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya. Ukiajiriwa na una mgogoro wa mshahara au likizo, pa kwenda ni chama cha wafanyakazi. Watu wengi hukasirikia PST kwa kushindwa kazi ambayo haijawahi kuwa yake.

Kwa nini msajili na mtetezi wasiwe chombo kimoja? Uingereza walikuwa hivyo. Chama chao cha wafamasia, kilichoanzishwa 1841, kilisajili, kikaadhibu na kikatetea wakati huohuo, hadi Septemba 2010 kazi ya usajili na nidhamu ilipohamishiwa chombo kingine, GPhC, na chama kikabaki na uongozi wa taaluma. Ugumu ni kwamba anayelipwa ada na wafamasia ili awatetee hawezi pia kuwa hakimu wao mbele ya mgonjwa aliyedhurika. Kwetu vitu hivi vimetenganishwa na sheria, na ni vizuri vibaki hivyo.

Jambo la vitendo: malipo ya Baraza hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, yenye tarakimu 12, inayoanza na 99. Mtu akikuomba "ada ya leseni" au "ada ya mtihani" itumwe kwenye simu yake binafsi, usitume, hata kama ni kiongozi wa tawi. Ada za PST na TAPSA ni za vyama, kwa hiyo zinaingia kwenye akaunti ya benki yenye jina la chama.

Chokaa

Mzani amemaliza upande wa sheria. Mimi naongeza tahadhari kwa wanafunzi: hiari maana yake una haki ya kuuliza kabla ya kutoa. Matawi mengi hukusanya ada ikaishia kwenye fulana na chakula cha kuwaaga wa mwaka wa nne. Kabla ya kulipa omba vitu vitatu: katiba, taarifa ya mapato na matumizi ya mwaka uliopita, na ratiba ya shughuli yenye tarehe. Tawi lisiloweza kuonyesha hata kimoja, subiri kwanza.

Na jueni kwamba cheti cha kuhudhuria semina si lazima kiwe na alama za mafunzo endelevu. Alama hutoka kwenye mafunzo yaliyotambuliwa na Baraza. Bango likisema "utapata cheti", uliza: kinatambuliwa na nani? Kwa mwanafunzi hilo si tatizo, maana hana leseni ya kuhuisha. Mfamasia mwenye leseni anayeacha zamu yake na kulipa kiingilio akitegemea alama, akagundua wakati wa kuhuisha leseni kwamba hazipo, huyo ameumia.

Bi Dozi

Chokaa, tahadhari yako ni ya haki, lakini nisingependa vijana wasome hapo wakaondoka na wazo kwamba chama cha wanafunzi hakina faida. Kina faida moja ambayo darasa haliwezi kuitoa kwa kiwango kinachotosha: mazoezi ya kuzungumza na mgonjwa. Darasa la watu 150 litampa kila mmoja nafasi ngapi za kusimama dirishani? Chache mno. Tawi linaweza kumpa mmoja kila wiki bila gharama yoyote zaidi ya karatasi.

IPSF ina shindano la kumshauri mgonjwa: mshiriki anapewa cheti cha dawa, muda mfupi wa kujiandaa, kisha anakaa na "mgonjwa" huku waamuzi wakimpima. Msisubiri shindano la kimataifa. Fanyeni wenyewe kila Alhamisi, kwa vikundi vya wanne: mgonjwa mmoja, mfamasia mmoja, waamuzi wawili wenye fomu. Dakika tano za kusoma cheti, dakika nane za kuzungumza, dakika saba za marekebisho. Kisha mnabadilishana nafasi. Kwa saa moja na nusu kila mtu amekaa kila kiti.

Nawapa kituo kimoja cha mazoezi cha kuanzia, dawa mseto ya malaria, kwa sababu ndiyo mtakayoitoa mara nyingi na ndiyo watu huidharau.

Cheti: mtoto wa kilo 17, artemetha 20 mg na lumefantrini 120 mg. Mama ndiye amekuja. Kosa la kwanza la wanafunzi ni kuuliza umri wakapanga dozi kwa umri. Dozi inapangwa kwa uzito: kilo 5 hadi chini ya 15 kidonge kimoja, 15 hadi chini ya 25 vidonge viwili, 25 hadi chini ya 35 vitatu, kuanzia 35 vinne. Mara mbili kwa siku, siku tatu. Huyu ni vidonge viwili kwa kila dozi, jumla 12. Kama uzito haujaandikwa kwenye cheti, mizani itafutwe kabla mdomo haujafunguliwa.

Kosa la pili ni dozi ya pili. Haisubiri saa 12 kama zinazofuata, ni saa 8 baada ya ya kwanza. Mtajie mama saa yenyewe: akimpa sasa hivi saa 3 asubuhi, inayofuata ni saa 11 jioni leo. Kuanzia kesho, asubuhi na jioni. Andika kwenye bahasha. "Mara mbili kwa siku" peke yake inaiharibu siku ya kwanza.

Kosa la tatu ni chakula. Lumefantrini hufyonzwa vizuri zaidi pamoja na mafuta. Maziwa, uji uliotiwa karanga au siagi, chochote chenye mafuta ambacho mtoto atakikubali. Mwanafunzi akisema tu "ampe baada ya kula", hajasema kitu, maana mtoto mwenye homa anaweza kuwa amekula vijiko viwili vya wali mkavu.

Kabla ya hayo yote kuna maswali. Ametumia dawa gani nyingine? Ana dawa za kifua kikuu? Rifampisini hushusha kiwango cha dawa mseto mwilini na hazitumiwi pamoja. Cheti kinarudi kwa daktari. Efavirenzi, dawa ya VVU, nayo hupunguza lumefantrini, kwa hiyo mgonjwa afuatiliwe kwa karibu. Ana dalili za hatari: degedege, kushindwa kunywa, kutapika kila kitu, kulegea hadi haamki vizuri? Hapo huzungumzi dozi tena, unampeleka akaonwe mara moja.

Mwisho, mwombe mama akueleze yeye atakavyompa mtoto dawa. Si "umeelewa?", maana kila mtu atajibu ndiyo. Fomu yenu ya kupimia iwape alama nyingi hapa. Nimeona, kwenye fomu nyingi zinazozunguka mitandaoni, salamu na tabasamu vina alama sawa na kuhakiki dozi. Hiyo inafundisha uigizaji.

Mkimaliza malaria, fanyeni dawa ya kuvuta ya pumu, metifomini ya kisukari, vidonge vya uzazi wa mpango, na antibayotiki ya mtoto ya kuchanganya na maji. Hiyo ya mwisho itendeni hasa, kwa chupa na maji halisi. Waliokariri jinsi ya kuchanganya huwa wanajaza maji yote kwa mkupuo mmoja, unga unagandamana chini. Gonga chupa unga ulegee, tia sehemu ya maji, tikisa, kisha ongeza hadi kwenye alama.

Safari ya Juni

Nijibu la IPSF. Ni shirikisho la kimataifa la wanafunzi wa famasi, lilianzishwa London tarehe 25 Agosti 1949 na vyama vinane vya wanafunzi. Lisichanganywe na FIP, shirikisho la wafamasia wenyewe, lililoanzishwa The Hague tarehe 25 Septemba 1912; ndiyo maana Siku ya Wafamasia Duniani ni 25 Septemba. Kwa kawaida chama cha taifa ndicho mwanachama wa IPSF na ndicho chenye kura kwenye mkutano mkuu. Wewe unaingia kupitia TAPSA. Kwa hiyo anayekusanya "ada ya IPSF" kwa mtu mmojammoja aeleze: ni sehemu ya ada ya chama kwenda IPSF, au ni ada ya ombi la kubadilishana? Ni vitu viwili tofauti.

Mpango wa kubadilishana wanafunzi, SEP, unakwenda hivi. Chama cha taifa kina ofisa wa ubadilishanaji. Ndiye anayefungua njia ya ombi lako kwenye mfumo wa IPSF na ndiye anayewasiliana na ofisa mwenzake wa nchi unakotaka kwenda. Wewe huandiki moja kwa moja kwa hospitali ya Lisbon. Utahitaji wasifu wa kurasa zisizozidi mbili, barua ya nia, barua ya chuo inayothibitisha kwamba wewe ni mwanafunzi, pasipoti, na mara nyingi barua ya mapendekezo. Unachagua nchi na aina ya sehemu: famasi ya jamii, hospitali, kiwanda, maabara ya utafiti, au ofisi ya serikali. Ukikubaliwa unapata barua ya mwaliko. Nauli ni yako. Malazi na chakula hutegemea nchi mwenyeji. Soma masharti ya nchi hiyo neno kwa neno, kwa sababu nchi moja itatoa kitanda bila chakula, nyingine itatoza ada ya malazi.

Yanayokwamisha, kwa uzito wake:

Visa. Hapa ndipo ndoto nyingi huishia. Kwa nchi za Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia visa moja), ombi linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, lakini unaweza kufika 45. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 na hairudishwi ukinyimwa. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu, iwe imetolewa ndani ya miaka 10, na ibaki hai miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka. Kisha taarifa ya benki. Mwanafunzi anayeingiziwa milioni tatu wiki moja kabla ya miadi anatiliwa shaka na ofisa wa ubalozi, na ana sababu. Kama anayelipa ni mzazi au mjomba, leteni barua yake ya udhamini, taarifa yake ya benki ya miezi kadhaa na uthibitisho wa kazi yake. Na barua ya chuo iseme wazi kwamba muhula unaanza tarehe fulani na unatarajiwa darasani. Hiyo ndiyo hoja yako kwamba utarudi.

Pasipoti. Watu huanza kuitafuta baada ya kukubaliwa. Anza nayo kabla ya kuandika barua ya nia.

Barua ya nia. "Napenda kujifunza tamaduni mpya" haimsaidii mwenyeji kukupangia sehemu. Andika unataka kuona nini: mfumo wa kuchanganya dawa za saratani kwenye hospitali, au jinsi famasi ya jamii inavyotoa chanjo. Andika pia unajua nini tayari.

Ratiba. Nafasi nyingi ziko kati ya Juni na Septemba. Linganisha na mazoezi ya lazima ya chuo chako kabla hujaomba. Ukijitoa baada ya kukubaliwa, nafasi inapotea na nchi yako inapoteza imani kwa maombi yanayokuja nyuma yako.

Na jambo ambalo matawi hulisahau: kubadilishana kunahitaji kupokea pia. Tawi lililo na famasi au hospitali iliyokubali kwa maandishi kumpokea mwanafunzi mgeni, na nyumba salama ya kumlaza, linaisaidia nchi nzima. Kibali cha mgeni wenu kiulizwe Uhamiaji mapema. Asije na visa ya utalii akavaa koti jeupe wodini.

Kama Ulaya ni ghali, tazameni Afrika. Misri wana chama kikubwa cha wanafunzi, EPSF, chenye uzoefu mrefu wa kupokea wageni. Kenya na Uganda Mtanzania haombi visa, na basi linafika.

Famasia Nakuru

Hamjambo ndugu zetu. Nitoe sura ya Kenya kwa kuwa baadhi yenu mtavuka mpaka.

Mdhibiti wetu ni Bodi ya Famasia na Sumu, chini ya Sura ya 244 ya sheria za Kenya. Wafamasia wenye shahada wana chama chao, PSK. Wenye diploma wana chama chao pia, KPA. Shahada ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa uanagenzi. Ukiacha huo mwaka mmoja wa ziada wa shahada, hadi hapo tunafanana nanyi.

Tofauti ni kwamba mfamasia wa Kenya yumo kwenye chama cha wafanyakazi pamoja na madaktari wa tiba na wa meno: KMPDU. Ule mgomo wa siku 100 uliomalizika Machi 2017, na wa siku 56 wa mwaka 2024, wafamasia walikuwemo. Wa 2024 ulihusu kwa sehemu kubwa malipo ya wanagenzi: mkataba wa 2017 ulisema shilingi 206,400 kwa mwezi, serikali ikataka kulipa 70,000. PSK haiwezi kuitisha mgomo. KMPDU haiwezi kuwaandalia mafunzo ya kitaaluma yanayotosha. Mwanafunzi wetu wa mwaka wa tano anahitaji kuvielewa vyote viwili kabla ya siku ya kwanza ya uanagenzi, na kwa maoni yangu vyama vya wanafunzi vinazembea hapo. Kikao kimoja cha saa mbili kuhusu mkataba wa ajira kina maana zaidi ya karamu ya mwaka.

Uganda nao wana mpangilio mwingine: PSU, chama cha wafamasia, kimo ndani ya sheria yenyewe, ile ya mwaka 1970, huku leseni za majengo ya dawa zikitolewa na NDA, mamlaka ya dawa ya taifa. Kwa hiyo ukihama nchi usidhani majina yanayofanana yana mamlaka yanayofanana. Popote uendapo, usajili wa kwenu haukuruhusu kufanya kazi hadi mdhibiti wa huko akusajili.

Mzani wa Dawa

Asante Nakuru. Niongeze moja linalohusu PST moja kwa moja: kukodisha cheti. Mfamasia anasaini kuwa msimamizi wa famasi, cheti chake kinatundikwa ukutani, yeye haonekani, na anayetoa dawa hana sifa. Akikaguliwa, jina lililo kwenye jalada ni la mfamasia. Kosa la dozi likitokea, jina ni lilelile. Adhabu ni kazi ya Baraza, lakini chama ndicho chenye uwezo wa kuwafanya wanataaluma waone aibu kulifanya, na kuwapa wahitimu wapya mfano wa mkataba wa usimamizi unaotaja saa za kuwepo, nani ana ufunguo wa kabati la dawa zinazodhibitiwa, na notisi ya kuondoka. Kijana aliyemaliza utarajali bila kazi ndiye anayeshawishiwa kwanza. Matawi ya TAPSA yaliseme hili mwaka wa tatu na wa nne, kwa uwazi, bila kumung'unya.

Kapsuli

Asanteni sana wakuu, na Bi Dozi shikamoo, kituo cha dawa mseto tutakianza wiki hii. Imebaki ile ya uweka hazina. Aliyepo sasa anakusanya kwa M-Pesa yake. Akaunti ya benki ipo lakini watia saini walishahitimu, mmoja yuko Songea na mwingine hapatikani.

Rejista

Marahaba kwa niaba ya Bi Dozi. Kapsuli, hali hiyo ni ya kawaida na inatibika, ila fuata mpangilio.

Kwanza usipokee hata senti kabla ya makabidhiano. Omba taarifa ya benki ya miezi 12, taarifa ya miamala ya hiyo M-Pesa kwa kipindi cha makusanyo, vitabu vyote vya stakabadhi pamoja na visivyotumika, orodha ya wanachama waliolipa, madeni, na mali za tawi. Namba za stakabadhi zifuatane. Ikikosekana 041 hadi 050, iandikwe kwamba haikuonekana. Makabidhiano yasainiwe nakala tatu: anayeondoka, anayeingia, na mlezi wa tawi. Tofauti yoyote ya fedha iandikwe hapohapo kwa kiasi chake. Usisaini "nimepokea kila kitu sawa" kwa kumwonea mtu haya.

Benki watataka muhtasari wa mkutano uliochagua viongozi wapya, wenye orodha ya mahudhurio na saini, katiba, barua ya chuo au mlezi inayowatambua, vitambulisho vya NIDA na picha za watia saini wapya. Ulizeni tawi lenu la benki kama wanataka pia barua ya watia saini wa zamani. Kama wanataka, wa Songea aandike na aisaini huko. Kwa asiyepatikana, azimio la mkutano limtaje kwa jina kwamba ameondolewa. Wekeni watia saini watatu, wawili wowote watoshe, na mmoja awe mlezi au mwalimu mwingine. Wanafunzi wataondoka, yeye atabaki. Kila mwaka mabadiliko yafanyike kabla ya mitihani ya mwisho wakati wote bado wapo chuoni.

M-Pesa ya mtu binafsi iachwe. Si lazima mtu awe mwizi ili fedha ipotee: laini inafungwa, simu inaibiwa, hela ya chama inachanganyika na ya nauli, na mwisho wa muhula hakuna awezaye kuthibitisha chochote. Wanachama walipe benki, au kwa lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la chama.

Bajeti isipangwe kwa idadi ya wanafunzi. Tuseme mko 180 na ada ni 10,000. Kwenye karatasi ni 1,800,000. Panga kana kwamba watalipa asilimia 60, yaani 108, sawa na 1,080,000. Kinachozidi kitapangiwa matumizi kikiwa mkononi. Mchango wa chama cha taifa utengwe wa kwanza kabisa, ndio unaowafanya wanachama wenu wahesabike.

Kama utakuja kushika hazina ya taifa, kuna mtego kwenye kulipa IPSF. Fedha inatumwa nje kwa fedha za kigeni, na benki za kati hukata njiani. Kwenye fomu ya kutuma chagua makato yote yabebwe na mtumaji. Usipochagua hivyo, kinachofika ni pungufu kwa dola chache, deni linabaki wazi, na chama kinaweza kujikuta kina kasoro ya uanachama kwa sababu ya makato ya benki. Tumeni pia uthibitisho wa muamala kwa barua pepe siku hiyohiyo. Barua pepe hiyo iwe ya chama, si ya rais wa mwaka huo.

Ondokeni pia kwenye mazoea ya kuchagua watu wa mwaka wa nne. Wana utafiti na mazoezi ya hospitali, Machi wanatoweka. Mwenyekiti na mweka hazina watoke mwaka wa tatu, wasaidizi wao mwaka wa pili, ili msaidizi wa leo awe anajua kazi kabla hajaipewa.

Kapsuli

Nimeelewa. Tatizo ni kwamba katiba yetu inataka nusu ya wanachama wawepo ndipo mkutano uwe halali, na hatujawahi kufikisha. Sasa huo muhtasari wa benki tutaupataje?

Rejista

Chagueni siku ambayo wote wapo chuoni tayari, kwa mfano mara baada ya kipindi kinachounganisha madarasa, mlezi awepo, tangazo litoke siku 14 kabla likitaja ajenda zote: uchaguzi, watia saini, na marekebisho ya katiba. Kabla ya kuhesabu akidi, angalieni katiba inamwita nani mwanachama. Kama ni aliyelipa ada ya mwaka huo tu, na waliolipa ni 70, nusu ni 35, si 90. Mara nyingi tatizo huishia hapo.

Kwenye marekebisho andikeni: "Akidi ya mkutano mkuu ni theluthi moja ya wanachama waliolipa ada. Isipotimia ndani ya dakika 45, mkutano utaahirishwa hadi siku ya saba, saa na mahali palepale, na waliohudhuria siku hiyo watakuwa akidi kwa ajenda zilizotangazwa tu." Maneno "zilizotangazwa tu" msiyaache, vinginevyo watu kumi wataweza kubadili chochote. Nakala ya katiba iliyorekebishwa ipelekwe ofisi ya mshauri wa wanafunzi na igongwe muhuri wa kupokelewa, kisha nendeni benki na nakala hiyo.